Methanoli ya kuzalisha umeme maeneo ya mbali: Namna ya kuisafirisha na kuihifadhi

KIMUKA, katika Kaunti ya Kajiado, iko mahali ambapo nyanda za juu za Ngong huanza kuteremka kuelekea Bonde la Ufa. Juu ya vilima vya Ngong husimama mitambo ya upepo ya kampuni ya KenGen, yenye uwezo wa kuzalisha megawati 25.5 za umeme. Lakini kadiri msafiri anavyozidi kushuka kuelekea Ewuaso Oo Nkidong'i, Mosiro na Magadi, ndivyo nyaya za umeme zinavyozidi kuwa haba na boma moja kuwa mbali na jingine.

Katika nyika kama hiyo kuna vifaa visivyoweza kulala: mnara wa simu, redio ya walinzi wa wanyamapori, kifaa cha kunasa mitetemeko ya ardhi, kamera ya ulinzi, au kipimo cha maji katika kisima. Vingi hutegemea paneli za sola na betri, au jenereta ya dizeli. Kwa takriban miaka 20 sasa umekuwapo pia sokoni mtambo wa aina ya tatu, yaani seli ya mafuta inayotumia methanoli.

Mtambo huo hauna kelele, hautoi moshi mweusi na hauhitaji fundi kila wiki. Shida yake imo katika mafuta. Methanoli ni kimiminika kisicho na rangi, kinachonukia kama pombe, na ambacho mtu akikinywa humpofusha au kumuua. Katika nchi ambayo mamia ya watu wamepoteza maisha au macho kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, yeyote anayetaka kuipeleka nyikani hana budi kujua kwanza ni nani atakayeshika ufunguo wa ghala, kabla hajauliza bei ya mtambo.

METHANOLI NI NINI?

Methanoli ni alkoholi iliyo sahili kuliko zote. Ni ndugu wa ethanoli, ambayo ndiyo kileo kilichomo katika bia, mvinyo na chang'aa. Kwa macho na kwa pua, mtu wa kawaida hawezi kuzitofautisha.

Sehemu kubwa ya methanoli inayouzwa duniani hutengenezwa kwa gesi asilia, na nyingine kwa makaa ya mawe. Huweza pia kutengenezwa kwa takataka za mimea, au kwa haidrojeni na hewa ya ukaa. Hutumiwa viwandani kutengeneza gundi za mbao, rangi, plastiki na kemikali nyingine nyingi.

Huchemka kwenye nyuzijoto 64.7 za Selsiasi, na lita moja ina uzito wa gramu 790 hivi. Hujichanganya na maji bila kikomo. Lita moja ya methanoli ina chini ya nusu ya nguvu iliyomo katika lita moja ya dizeli, jambo ambalo huathiri mipango yote ya kuisafirisha na kuihifadhi.

JINSI SELI INAVYOFANYA KAZI

Seli ya mafuta haichomi mafuta yake kama injini. Huyavunja kwa msaada wa kichocheo, na elektroni zinazotoka humo hupita katika waya kama umeme. Kwa hivyo hufanana na betri isiyochajiwa, inayolishwa tu chombo kimoja kikiisha. Kinachobaki ni maji, joto na hewa ya ukaa.

Kuna aina mbili kuu. Katika ya kwanza, methanoli huingia moja kwa moja ndani ya seli pamoja na maji kidogo. Mitambo ya aina hii ni midogo, mingi ikitoa kati ya wati 40 na mia kadhaa. Inayojulikana zaidi ni ile inayouzwa na kampuni ya SFC Energy ya Ujerumani kwa jina la EFOY. Methanoli yake huja katika vyombo vya plastiki vilivyofungwa kiwandani, vya lita 5, 10 au 28, na hutumia takriban lita 0.9 kwa kila uniti moja ya umeme.

Katika aina ya pili, mchanganyiko wa methanoli na maji hupashwa joto ndani ya chombo maalumu hadi utoe haidrojeni, kisha haidrojeni hiyo ndiyo inayolisha seli. Mitambo hii hutoa kilowati kadhaa na hufaa minara ya simu. Mchanganyiko wake huwa na takriban asilimia 60 ya methanoli, na sehemu iliyosalia ni maji safi kabisa. Imewahi kutumiwa katika minara ya simu nchini Afrika Kusini na Indonesia, hasa kama akiba wakati umeme wa gridi unapokatika.

SAFARI YA MAFUTA

Kenya haina kiwanda kikubwa cha kutengeneza methanoli. Inayotumika nchini huagizwa kutoka ng'ambo. Miongoni mwa wazalishaji walio jirani na pwani ya Afrika Mashariki ni Saudi Arabia na Oman, ambayo ina viwanda mjini Sohar na Salalah. Shehena ikifika Mombasa husafirishwa bara kwa mapipa au kwa matangi, umbali wa karibu kilomita 500 hadi Nairobi, kabla ya kugawanywa katika vyombo vidogo.

Kimataifa, methanoli hutambuliwa kwa nambari 1230 katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa hatari. Gari linaloibeba hupaswa kuwa na alama mbili: ya kimiminika kinachoshika moto, na ya sumu. Petroli hubeba alama ya moto pekee kati ya hizo mbili, na dereva aliyezoea kubeba petroli anaweza kudhani ameijua kazi ilhali hajaambiwa nusu yake ya pili.

Kuanzia Ngong kuteremka Kimuka na kuendelea, hali hubadilika. Barabara za vumbi huwa matope wakati wa mvua za masika, kati ya Machi na Mei, na tena wakati wa mvua za vuli kuanzia Oktoba. Gari linaweza kukwama kwa siku kadhaa. Mpangaji wa ugavi hulazimika kuchagua: ama aweke akiba kubwa kabla ya mvua, ama apunguze mahitaji ya mtambo ili akiba ndogo itoshe. Akiba kubwa ina maana ya sumu nyingi zaidi mahali pasipo na mtu.

HESABU YA KIASI

Hesabu mbili zinaweka tofauti hiyo wazi.

Ya kwanza ni ya kifaa kidogo, kama kamera na redio yake, kinachotumia wati 40 mchana na usiku. Kwa siku kitatumia uniti 0.96, sawa na lita 0.86 za methanoli. Chombo cha lita 28 kitadumu takriban siku 32. Kifaa hicho kikiwekewa paneli za sola zinazofanya robo tatu ya kazi, na seli ikaachiwa usiku wa mawingu pekee, chombo hicho hicho kitadumu karibu miezi minne. Karibu na Nairobi mawingu hutanda sana kati ya Juni na Agosti, nao ndio wakati ambao seli huonyesha thamani yake.

Ya pili ni ya mnara wa simu unaotumia kilowati 1.5. Kwa siku utahitaji uniti 36, na kwa mitambo ya aina ya pili hiyo ni kama lita 40 za mchanganyiko. Tangi la lita 1,000 litaisha kwa siku 25. Kwa mwaka mmoja zitahitajika zaidi ya lita 14,000. Jenereta ndogo ya dizeli ingetumia takriban theluthi moja hadi nusu ya lita kwa kila uniti, kwa hivyo gari la methanoli litafanya safari mara mbili au tatu zaidi.

Ndiyo maana wataalamu hupendelea kuitumia seli kama msaidizi wa sola na betri, na si kama chanzo pekee cha umeme. Kila lita isiyotumika ni lita isiyohitaji kubebwa, kulindwa wala kuhesabiwa.

CHOMBO NA GHALA

Methanoli hula baadhi ya metali. Aluminiamu, zinki na risasi hazifai kabisa, na hiyo ina maana kuwa pipa au bomba lililopakwa zinki, kama mabati, halifai pia. Chuma cha pua hufaa, na plastiki ngumu ya aina ya polithini hufaa kwa vyombo vidogo. Baadhi ya mipira na vizibo vinavyotumika katika pampu za petroli hulainika na kuvuja, hivyo ni lazima vithibitishwe kwanza.

Usafi ni jambo la pili. Methanoli hufyonza unyevu wa hewani, na uchafu mdogo tu wa chumvi au salfa waweza kuua kichocheo cha seli chenye gharama kubwa. Visima vingi vya Kajiado vina maji yenye chumvi na floridi nyingi. Hata maji yanayofaa ng'ombe hayawezi kutumiwa kuchanganyia methanoli. Mtambo wa aina ya pili hupelekewa mchanganyiko uliotayarishwa kiwandani, ingawa kufanya hivyo ni sawa na kulipia usafiri wa maji.

Joto nalo lina athari zake. Kilele cha vilima vya Ngong kiko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali Magadi iko karibu mita 600, na huko joto la mchana hupita nyuzi 35. Tangi la lita 1,000 lililojazwa asubuhi ya baridi Ngong na kushushwa hadi bondeni hufura. Joto likipanda kwa nyuzi 25, methanoli huongezeka kwa takriban lita 30. Tangi halijazwi pomoni, na huwekwa valvu ya kupumulia yenye wavu wa kuzuia cheche.

Ghala bora ni kivuli chenye upepo, kilicho mbali na jiko, na mbali na mahali pa kulala mlinzi. Sakafu yake huwa ya saruji iliyozungushiwa ukingo, ili chombo kikubwa kikipasuka kisilowanishe ardhi. Kanuni inayotumika kwingi ni kwamba ukingo uweze kuzuia asilimia 110 ya kilichomo katika chombo kikubwa kuliko vyote. Kwa jamii ya wafugaji jambo hili ni zito, kwa sababu maji ya mvua yanayopita ghalani huishia katika silanga linalonywesha mifugo. Methanoli kidogo iliyomwagika udongoni huozeshwa na bakteria kwa siku chache, lakini siku hizo ni nyingi kwa mbuzi mwenye kiu.

MOTO USIOONEKANA

Mvuke wa methanoli huweza kushika moto hata kwenye joto la nyuzi 11 hivi, ambalo ni baridi kuliko mchana wowote wa Kajiado. Huwaka ukiwa kati ya asilimia 6 na 36 ya hewa.

Hapa pana tofauti kubwa na petroli. Ndani ya tangi la petroli lililofungwa, mvuke kwa kawaida huwa mzito mno kiasi kwamba hauna hewa ya kutosha kuwaka. Ndani ya tangi la methanoli, katika joto la kawaida la mchana, mvuke huwa katika kiwango hasa kinachowaka. Cheche ikiingia ndani, tangi laweza kulipuka. Kwa hivyo tangi la kupokea na gari linaloshusha huunganishwa kwa waya unaoingia ardhini, simu huzimwa, na hakuna kuchomelea chuma karibu na tangi, hata kama ni tupu.

Moto wa methanoli hauna moshi, na mwali wake wa samawati hauonekani vizuri juani. Mtu anaweza kuuingia bila kujua. Povu la kawaida la kuzimia moto wa petroli huvunjika likikutana na alkoholi, hivyo huhitajika povu maalumu linalostahimili alkoholi, au unga mkavu. Maji husaidia yakiwa mengi: angalau sehemu nne za maji kwa sehemu moja ya methanoli. Katika nyika isiyo na bomba, mitungi ya unga ndiyo tegemeo.

SUMU INAYOFANANA NA KILEO

Methanoli ikiingia mwilini, ini huibadilisha kuwa formaldehaidi, kisha kuwa asidi ya fomiki. Asidi hiyo ndiyo inayoharibu mishipa ya macho na kuchafua damu. Mililita 10 pekee zimewahi kumpofusha mtu, na mililita 30 zimewahi kuua. Hupenya pia kupitia ngozi, na mvuke wake hudhuru ukivutwa kwa muda mrefu. Pua haiwezi kuwa mlinzi, kwa kuwa mara nyingi mtu huanza kuisikia harufu yake baada ya kiwango salama kupita.

Jambo la hatari zaidi ni kuchelewa kwa dalili. Aliyekunywa hulewa kama kawaida, hulala, na dalili kali hutokea baada ya saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, tumbo kusokota, kupumua kwa kasi, na kuona ukungu mbele ya macho. Akiwa alikunywa pamoja na pombe ya kawaida, dalili huchelewa zaidi.

Wakenya wanayajua haya kwa uchungu. Novemba 2000, zaidi ya watu 130 walifariki Nairobi, wengi wao wakazi wa mtaa wa Mukuru kwa Njenga, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mwaka 2005 takriban 50 walifariki Machakos. Mwaka 2014 ilitokea mikurupuko miwili: wa kwanza ulikuwa na wagonjwa 341 na vifo 100, na wa pili wagonjwa 126 na vifo 26. Baadhi ya walionusurika walibaki vipofu.

Hakuna hata mkasa mmoja kati ya hiyo uliotokana na seli za mafuta. Lakini yote ilitokana na kitu kimoja: methanoli ya viwandani kutoka mikononi mwa mwenyewe na kuingia katika chupa.

WIZI WA NYIKANI

Wizi wa dizeli katika minara ya simu ni tatizo la miaka mingi. Wauzaji wa seli za methanoli hutaja jambo hilo kama faida ya bidhaa yao: mwizi hawezi kuitia methanoli katika lori wala trekta lake, kwa hivyo hana haja nayo.

Hoja hiyo ina ukweli mahali ambapo mafuta huibwa kwa ajili ya magari pekee. Kenya ina soko jingine. Kisichoingia katika lori chaweza kuingia katika chupa ya nusu lita, na huko ndiko faida iliko. Anayenunua dizeli ya wizi huharibikiwa na injini. Anayenunua methanoli ya wizi huzikwa.

Februari 2024, katika Kaunti ya Kirinyaga, zaidi ya watu 10 walifariki baada ya kunywa pombe yenye sumu. Serikali ilieleza kuwa pombe hiyo ilikuwa imenaswa na kuwekwa katika kituo cha polisi kama kielelezo cha kesi, kabla ya kuibwa na kuuzwa. Ikiwa sumu inaweza kuibwa kutoka kituo cha polisi, uzio wa waya na kufuli moja nyikani si ulinzi.

Hatari nyingine ni ajali barabarani. Januari 31, 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka, wakazi wakakimbilia kuchota, na moto ukaua zaidi ya watu 100. Lori la methanoli likipinduka, watakaonusurika moto wanaweza kurejea nyumbani na ndoo wanayoidhani kuwa ni spiriti.

KANUNI ZA ULINZI

Kutokana na mambo hayo, mtu anayepeleka methanoli maeneo ya mbali anaweza kuzingatia kanuni zifuatazo.

Kwanza, vyombo viwe vidogo, vimefungwa kiwandani, na viunganike na mtambo bila kumimina. Chombo cha lita 28 kilichofungwa kwa valvu ni kigumu kuibwa kidogo kidogo, ilhali pipa la lita 200 hufunguliwa kwa spana na kunyonywa kwa mpira.

Pili, kila chombo kiwe na nambari na lakiri, na kiandikwe katika daftari kinapotoka Nairobi, kinapofika, kinapofunguliwa na kinaporudi kikiwa kitupu.

Tatu, umeme na mafuta vilinganishwe. Seli huweka kumbukumbu ya uniti ilizozalisha. Ikiwa imezalisha uniti 20, imetumia takriban lita 18, na chombo kinapaswa kupungua uzito kwa kilo 14 hivi. Kikiwa kimepungua zaidi, kuna uvujaji au wizi, na mizani ya kawaida itafichua jambo hilo siku hiyo hiyo. Hakuna mlinzi aliye mwaminifu kuliko hesabu hii.

Nne, vyombo vitupu virudi vyote. Mtungi wa plastiki hautupwi mahali ambapo maji na maziwa hubebwa kwa mitungi ya plastiki. Chombo kisichorudishwa kiwandani kioshwe kwa maji mengi, kitobolewe, na kisiachwe katika boma lolote.

Tano, jina litumike kwa uangalifu. Methanoli isiitwe alkoholi, spiriti wala kileo mbele ya vibarua. Iitwe sumu. Alama ziandikwe kwa Kiswahili na Kimaasai, pamoja na picha ya fuvu kwa wasiojua kusoma.

Sita, jamii iambiwe mapema. Chifu, wazee na wahudumu wa afya ya jamii wajulishwe katika baraza kilichomo ghalani na la kufanya likitokea la kutokea. Mlinzi akiwa ni kijana wa boma la karibu, yeye na familia yake ndio watu wa kwanza wanaostahili kuelezwa ukweli wote.

Baadhi ya nchi huitia methanoli rangi au kemikali chungu ili isinyweke. Hatua hiyo haifai kuchukuliwa kienyeji, kwa kuwa nyongeza yoyote yaweza kudhuru seli. Ni lazima iidhinishwe kwanza na mtengenezaji wa mtambo.

AKINYWA MTU

Anayeshukiwa kunywa methanoli apelekwe hospitali mara moja, hata kama anasema hajambo. Asitapishwe kwa nguvu. Chombo alichonywea, au lebo yake, kipelekwe pamoja naye ili daktari ajue anachotibu.

Hospitalini huweza kupewa dawa ya fomepizoli, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) iliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2013, au ethanoli ya kitabibu kwa kipimo cha daktari. Zote mbili huzuia ini kuigeuza methanoli kuwa asidi. Waliozidiwa husafishwa damu kwa mashine. Kumpa mgonjwa pombe nyumbani si tiba ya kutegemewa, na humpotezea muda.

Kwa mtu aliye Mosiro au kando ya Magadi, safari ya kufika hospitali yenye mashine hizo, kama Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ni ya saa nyingi. Kwa hivyo nambari ya simu ya gari la wagonjwa na jina la dereva wa karibu ni sehemu ya vifaa vya ghala, sawa na mtungi wa kuzimia moto.

Ikimwagikia ngozi, nguo zivuliwe na mwili uoshwe kwa maji mengi. Ikiingia machoni, yasafishwe kwa maji kwa dakika 15 au zaidi, kisha mtu apelekwe kwa daktari.

SHERIA

Hakuna sheria moja inayoisimamia kazi hii yote. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi dhidi ya kemikali hatari na kuwapa mafunzo. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, inayosimamiwa na NEMA, huhusu tathmini ya athari za mradi na utupaji wa taka hatari. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, iliyohalalisha chang'aa kwa masharti, hupiga marufuku kutia vitu vyenye madhara katika vinywaji. Serikali ya kaunti nayo ina mamlaka kuhusu kuzima moto na matumizi ya ardhi.

Anayesubiri afisa mmoja aje amwambie la kufanya atasubiri sana. Mwenye mtambo ndiye mwenye wajibu tangu Mombasa hadi chombo kitupu kinaporudi.

JE, INAFAA?

Methanoli ina washindani. Bei ya paneli za sola na betri za lithiamu imeshuka sana tangu seli hizi zilipoanza kuuzwa, na kwa maeneo mengi ya Kajiado sola na betri kubwa hutosha. Mwaka 2018 kampuni ya GenCell ya Israeli ilitangaza mkataba na Adrian Kenya wa mitambo 800 ya seli za mafuta kwa minara ya simu, ikitumia amonia badala ya methanoli. Amonia nayo ni sumu kali, lakini harufu yake humfukuza mtu kabla hajaikaribia. Hakuna atakayeiuza kama kinywaji.

Mahali pa methanoli ni pale ambapo mahitaji ya umeme ni madogo, kifaa hakiruhusiwi kuzimika hata usiku mmoja, mawingu au kivuli huizuia sola, na gari hufika mara chache kwa mwaka. Hapo chombo kimoja kilichofungwa kinaweza kufanya kazi ya safari nyingi za dizeli.

Kwa mnara mkubwa unaokunywa lita 40 kwa siku, hali ni tofauti. Maelfu ya lita za kimiminika kinachonukia kama pombe, ndani ya uzio usio na mtu, katika nchi yenye historia ya Mukuru, Machakos na Kirinyaga, ni mzigo ambao faida ya kukosa kelele haiulipi. Asiyeweza kueleza ilipo kila lita aliyoipeleka hana budi kuiacha Nairobi.